Panya wa Ukuta wa Kulia

Jina lake halisi lilikuwa limebaki mahali pawili tu: kwenye karatasi za ajira na kinywani mwa mama yake. Watu wengine wote pale kwenye taasisi ya utafiti, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mkurugenzi, walimwita Mama Panya, na aliyeanzisha jina hilo ni Daktari.

Ilikuwa siku ya wageni. Wakati huo alikuwa ametimiza miaka kumi na minne akitunza panya wa maabara katika chumba kirefu kisicho na dirisha, chenye rafu za vizimba ukuta huu na ukuta huu. Mgeni mmoja, kwa adabu zake, akamuuliza ana watoto wangapi. Kabla hajafungua mdomo Daktari akadakia, "Ana watoto mia mbili na wote wana mikia! Huyu ndiye Mama Panya wetu." Wageni wakacheka. Wafanyakazi wakacheka zaidi, maana anayecheka pamoja na bosi hapati hasara. Naye alicheka, midomo peke yake. Alikuwa ameishi kwenye ndoa miaka kumi na mmoja, akaachwa kwa sababu moja tu, kwamba hakuzaa, na hakuna mtu katika jengo lile aliyekuwa haijui habari hiyo. Daktari aliijua vizuri kuliko wengi, kwa kuwa ndiye aliyemhoji siku anaomba kazi.

Tangu siku hiyo alimwekea Daktari kinyongo, na kinyongo chenyewe alikitunza kama alivyotunza panya wake: alikilisha kila siku, akakibadilishia maranda. Kilidumu miaka minane. Daktari hakujisumbua kukigundua. Alikuwa mtu mrefu wa miaka sitini na kitu, koti lake jeupe halikosi pasi, na alikuwa na tabia ya kugonga kioo cha mlango kwa pete yake akitaka kitu, badala ya kuingia na kuomba.

Kazi mama huyu aliijua mpaka kwenye kucha. Saa moja asubuhi alikuwa ameshavaa glavu, anashusha kizimba kimoja kimoja, anamwaga maranda machafu, anaweka makavu, anajaza chupa za maji, halafu kabla ya kukirudisha anakinusa. Wengine walimcheka kwa kunusa. Lakini panya mgonjwa hutangulia kunuka kabla hajaanza kudhoofu, na mara nyingi alimwambia daktari wa mifugo, "Huyu hamalizi wiki," na kweli hakumaliza. Alikuwa na daftari lake la jalada gumu. Aliyeumwa aliandikwa, aliyekufa aliandikwa, hata aliyeng'atwa mkia.

Mwaka ule, yeye akiwa na miaka hamsini na minane, ulianza utafiti mkubwa wa Daktari, wa peptidi. Siku alipowaeleza mafundi wa maabara, Mama Panya alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake, na hakuna aliyemwambia aondoke kwa kuwa hakuna aliyemwona.

"Protini ni mkufu mrefu wa shanga," Daktari alisema, na alipoongea habari hizi sauti yake ilikuwa tamu kabisa, ungedhani ni mtu mwingine. "Sisi tunachukua kipande kifupi mno. Shanga mbili, tatu, nne. Kitu kidogo namna hiyo kinapenya mpaka ndani ya seli iliyozeeka na kuigutusha, kama jirani anayekugongea mlango umelala. Tunavyo vitatu. Kimoja cha uzee wenyewe, kimoja cha kinga ya mwili, kimoja cha ubongo. Tuone kama mzee anaweza kurudishiwa alichonyang'anywa."

Wakaletwa panya mia mbili wazee, wa miezi kumi na minane, ambao kwa hesabu za panya ni mabibi na mababu. Mia moja walibandikwa lebo za njano, mia moja nyeupe. Kundi moja lingedungwa dawa, jingine maji ya chumvi tu, na kundi lipi ni lipi lilijulikana kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya kabati la Daktari, ili wapimaji wasije wakapendelea. Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa. Kosa lilikuja kwenye kupanga. Daktari, kwa kuwa alipenda vitu vionekane nadhifu, aliwaweka wa njano wote ukuta wa kushoto na weupe wote ukuta wa kulia. Na ukuta wa kulia ndipo ilipofungwa mashine mpya ya hewa.

Kwa sikio la mtu mashine ile ilivuma kidogo tu, ukaisahau. Lakini Mama Panya aliposhika rafu ya kulia alihisi mtetemo ukimpanda mkononi mpaka kwenye meno. Panya hulala mchana. Wa njano walilala wamerundikana kama soksi. Weupe hawakulala, walijibana kwenye pembe, macho wazi, na mara kwa mara asubuhi alikuta mkia umeng'atwa. Wiki ya tatu akashindwa kuvumilia, akamfuata Daktari ukumbini.

"Daktari, hawa wa kulia hawalali."

"Umewapigia hodi?"

"Ile mashine inatikisa rafu. Tuwachanganye. Nusu ya weupe waje kushoto, nusu ya wa njano waende kulia."

Daktari alisimama, akamtazama kuanzia viatu vyake vya mpira kwenda juu. "Nani amekuomba unipangie utafiti?"

"Hakuna. Nimeona, nimesema."

"Kazi yako ni maranda na maji. Siku maranda yakinuka nitakuita."

"Na mikia ikikatika je?"

"Andika kwenye kitabu chako," Daktari akasema, na huku anaondoka aliongeza kwa sauti ya kusikika, "Siku hizi kila mtu profesa."

Akaandika. Tarehe, namba ya kizimba, lebo, jeraha. Aliandika akiwa na hasira hata kalamu ilitoboa karatasi.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Yeye alipanga vyumba viwili peke yake, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumba ya mama yake, na kila Jumatano na Jumapili alikwenda kumwona. Mama alikuwa na miaka themanini na minne. Alikuwa fundi cherehani, mtu aliyeweza kukutazama ukipita na kukushonea gauni likakukaa, na sasa alikuwa anashika sindano bila kujua ni ya nini. Kwa mwaka mzima alikuwa hamtambui binti yake. Alimwita "muuguzi", akamshukuru kwa kila kitu, na shukrani zile zilimuuma kuliko matusi.

Aliyeishi na mama ni kaka yake, mkubwa wake kwa miaka mitano, fundi redio. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele, na kilichoitenga na kitanda cha mama ni kizuizi chembamba cha ubao. Kutwa nzima redio tano au sita zilikuwa wazi kwa pamoja, moja inahutubia, nyingine inaimba, nyingine inapiga miluzi tu.

"Nasikia kwenu mmepata dawa ya kurudisha akili," kaka alimwambia Jumapili moja, bila hata salamu.

"Hatujapata. Tunajaribu kwa panya."

"Kwa hiyo panya wanatibiwa, mama yako anaoza."

"Kaka, haijulikani hata kama inafanya kazi."

"Wewe huwezi kujua kitu gani kinafanya kazi, wewe unazoa mavi." Akarudisha uso kwenye redio yake. "Ungekuwa na mtoto ungejua uchungu wa damu."

 Alimsonya, akaingia kwa mama, akafunga mlango kwa nguvu mpaka skrubu zikaruka mezani kwa kaka, naye kaka akaapiza huko nje.

Ukafika mwezi wa nane wa utafiti, wakati wa kupima kumbukumbu. Panya huwekwa kwenye bwawa la maji yaliyotiwa rangi, aogelee mpaka akipate kijukwaa kilichozama asichokiona, na siku ya pili na ya tatu hutazamwa kama anakumbuka kilipo. Wa njano walikwenda moja kwa moja kama mtu anayerudi kwake. Weupe walizunguka, wakazunguka, wengine wakakata tamaa wakawa wanaelea tu. Tena weupe ndio waliokuwa wamekufa wengi. Bahasha ikafunguliwa: wa njano ndio waliopewa dawa.

Shangwe zilizofuata hazikuwa za mchezo. Soda zililetwa, mkurugenzi akashuka mwenyewe kutoka ghorofa ya juu, na Daktari akahutubia machozi yakimlengalenga. Mama Panya alikuwa anakausha bwawa. Aliapa kimoyomoyo atanyamaza, na ulimi ukamsaliti.

"Na mashine?" akauliza.

 Mkurugenzi akageuka. "Mashine gani?"

"Hakuna kitu, Mkurugenzi," Daktari akasema, anatabasamu. Kisha akamshika kiwiko, akamtoa mpaka ukumbini, na tabasamu likabaki ndani. "Ukitamka neno hilo tena mbele ya watu wangu, utakwenda kuuza karanga. Umenielewa? Umekuwa ukinitafuta muda mrefu, nakuona. Una sumu, wewe mama."

"Niachie mkono."

Akamwachia, akajipangusa vidole kwenye koti.

Siku ya Jumapili iliyofuata alifungua friji ya mama yake kutafuta maziwa, akakuta, katikati ya nyanya na siagi, sanduku dogo la vichupa thelathini vyenye mwandiko alioujua.  Kaka alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni, anangoja hilohilo.

"Nilikwenda mwenyewe," akasema. "Nikamwambia mimi ni kaka yake yule mtunza panya. Bosi wako ni mtu wa maana sana, ujue. Alinisikiliza saa nzima. Wewe hujawahi kunisikiliza dakika tano."

"Dawa hii haijawahi kujaribiwa kwa mtu!"

"Anajidunga mwenyewe! Amenifunulia shati, nimeona alama za sindano tumboni kwa macho yangu haya. Mtu anaweza kujidunga uongo?"

"Mtu anaweza kujidunga kitu anachokiamini. Wale panya walioshindwa walikoseshwa usingizi na mashine ya hewa. Kaka, itamdhuru mama."

"Mama ana miaka themanini na minne. Unamwekea akiba ya nini?"

 Alimwomba, akamtisha kwamba atamripoti, kaka akamwambia aripoti, na wote wawili walijua hataripoti, kwa sababu mwenye kumdunga mama angekuwa ndiye wa kwanza kufungwa. Akaondoka bila maziwa.

Wiki ya tatu tangu sindano zianze, Jumatano alasiri, aliingia chumbani kwa mama akiwa na beseni la maji ya kumwogesha. Mama alikuwa ameketi kitandani, miguu chini. Akainua uso, akamtazama kwa muda, halafu akamwita jina lake. Lile la kwenye karatasi. Akamuuliza mbona amekonda.

Beseni lilitua sakafuni lenyewe, maji yakamwagika nusu. Alipiga magoti palepale kwenye maji, akamwekea mama kichwa mapajani, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Kisha akasema, polepole, ili kila neno liingie: "Sasa kamwambie Daktari wako habari za mashine yako ya hewa."

Siku zile nne zilizofuata zilikuwa mbaya kwake kuliko zote. Mchana kazini alitoa daftari, akaangalia kurasa za mikia, akazishika kwa vidole viwili kama anayetaka kuzichana. Alijiuliza kama kweli aliona alichoona, au ni chuki iliyomwonyesha. Kama dawa ilikuwa ya kweli, basi alikuwa anapigana na kitu kilichomrudishia mama. Alikiweka kinyongo chake mbele, akakikagua kila upande, na hakupata mahali ambapo kinyongo kiliishia na mikia ikaanzia.

Jumapili alikwenda tena. Alikuwa anamchana mama nywele alipogundua anasikia saa ya ukutani ikihesabu. Miaka yote aliyoingia chumba kile hakuwahi kuisikia ile saa. Akaacha chanuo, akaenda chumba cha mbele. Hapakuwa na meza, redio wala nyaya, vumbi tu la umbo la meza sakafuni.

"Karakana iko wapi?" akamuuliza kaka aliyekuwa uani.

"Nimehamia kibaraza cha jirani. Daktari alisema ubongo unapojijenga unataka utulivu. Nisimpigie kelele, na kila asubuhi baada ya sindano nikae naye nimshike mkono, nimwongeleshe."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Kwa nini?"

Alimtazama kaka yake, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi sauti yake haikuwa na ukali. "Kaka, mama alikuwa halali. Miaka yote hii alikuwa halali. Umezima redio, amelala."

Uso wa kaka ulibadilika kama mtu aliyemwagiwa maji. Ikawa kwamba miaka sita aliyomtunza mama peke yake, aliyomlisha na kumbadilisha mashuka, dada yake anaigeuza kuwa miaka sita ya kumtesa. Hakuna mtu ambaye angemeza hilo kirahisi. "Toka," akasema. "Wivu utakuua. Toka nyumbani kwa mama."

Jumatatu alipeleka daftari kwenye kamati inayosimamia utafiti wa wanyama. Ilikuwa na watu watatu, na mwenyekiti wake alikuwa daktari wa mifugo, mama mfupi mwenye miwani, aliyesoma kurasa zote bila kuinua kichwa. Majeraha mia moja na arobaini na moja, na mia moja thelathini na mawili kati yake yalikuwa ya lebo nyeupe.

Daktari aliitwa. Aliingia na faili tatu. "Sina la kusema kuhusu daftari," alisema. "Nasema kuhusu aliyeliandika. Mama huyu ananichukia. Muulizeni."

Mwenyekiti akavua miwani. "Una ugomvi na Daktari?"

Angeweza kukana. Alikuwa hata ameandaa maneno ya kukana. "Ndiyo," akasema. "Miaka minane sasa. Na nikifa leo nitakwenda nao. Lakini mheshimiwa, mimi sikuwang'ata wale panya mikia."

Mwanakamati mmoja alikohoa kuficha kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Aliomba glasi ya maji, akanyanyuka nayo, wote wakamfuata mpaka chumba cha panya. Akaiweka kwenye rafu ya kushoto, maji yakatulia. Akaihamishia kulia, akainama. Uso wa maji ulikuwa na viduara vidogo vidogo, vinakwenda bila kusimama. Daktari alivitazama. Akaweka kiganja kwenye rafu, akakiondoa haraka.

Kamati iliamua utafiti urudiwe na panya wapya, wachanganywe pande zote mbili, mashine ihamishwe. Chapisho likasimamishwa.

Hapo ndipo alipojua taasisi nzima inaweza kumpa mtu kisogo kwa siku moja. Kwa kuwa mlalamikaji hawezi kutunza panya wa mlalamikiwa, alihamishiwa chumba cha kufulia makoti. Mafundi wanne wa maabara waliokuwa wanangoja mikataba mipya hawakuipata, wakaambiwa wangoje matokeo. Mmoja wao, dada aliyekuwa akinywa naye chai ya saa nne kwa miaka kumi, alimkuta getini akamwuliza, "Umeridhika?" na kabla hajajibu akatema mate chini, karibu na viatu vyake. Wiki hiyohiyo alifungua kabati lake akakuta panya aliyekufa amelazwa juu ya kitambaa chake cha kichwa. Alimgeuza, akamnusa kwa mazoea. Alikuwa amekufa kwa uzee tu. Akamzika nyuma ya jengo, akafua kitambaa, akakivaa kesho yake ili wakione.

Matokeo yalichukua miezi kumi na mmoja. Safari hii bahasha ilipofunguliwa hakuna aliyeleta soda. Kwenye bwawa, waliopewa dawa na waliopewa chumvi walikumbuka sawasawa na kusahau sawasawa. Walikufa kwa mwendo mmoja. Kipande kimoja tu, kile cha kinga ya mwili, kilionyesha kitu: seli za ulinzi za wale wazee zilizidi kidogo za wenzao, kidogo lakini si kwa bahati. Daktari hakuwa mwongo wala mjinga. Alikuwa amekosea theluthi mbili. Aliruhusiwa kuendelea na kile kimoja, kwa kundi dogo, chini ya msimamizi mwingine. Habari ya vichupa alivyogawa nje nayo ilijulikana, kwa kuwa kaka alijisifu kwa mtu asiyefaa kuambiwa, na Daktari akapewa onyo la maandishi na kunyang'anywa funguo za stoo.

Mama Panya alistaafu mwezi huohuo, alipotimiza miaka sitini. Hapakuwa na sherehe. Siku ya mwisho alikuwa anakunja makoti peke yake, ukagongwa mlango. Ilikuwa pete.

Daktari aliingia, jambo ambalo hakuwa amezoea. Alikuwa amechakaa, koti lake halikupigwa pasi. "Nimefuata koti langu jingine," akasema. "Lile lisilo na... lile linalokosa..." Akashika kifua chake, vidole vikatafuta. Akafumba macho, akafumbua. "Kile kitu."

"Kifungo," Mama Panya akasema.

"Kifungo." Daktari alilirudia neno kama mtu anayeokota kitu kilichomwangukia mbele za watu, na kwa nukta moja hofu ilionekana wazi usoni mwake. Mama Panya aliifahamu hofu ile. Alikuwa ameiona kwa mama yake, mwanzoni kabisa. Akakumbuka alama za sindano tumboni ambazo kaka aliziona, na akaelewa zilikuwa za kujitetea dhidi ya nini.  Alimpa koti.

Daktari hakuondoka. "Ulifanya vile kwa chuki," akasema.

"Kwa chuki, ndiyo. Na mashine nayo ilikuwepo."

"Ungekuja ukaniambia vizuri, kama mtu na mwenzake..."

"Nilikuja. Ukaniuliza kama nimewapigia hodi."

Daktari alifikiri. Ilionekana hakumbuki, na haikuwezekana kujua kama ni kusahau kwa ugonjwa au kwa ukubwa. "Mama Panya..." akaanza.

"Nina jina."

Alingoja alitaje. Daktari alifungua mdomo, akaufunga, akaondoka na koti lake.

Kwa mama yake mambo yalikuwa yameharibika tayari. Vichupa vilipokwisha na vingine vikakosekana, kaka alirudisha karakana ndani. Alisema amechoka na kibaraza cha watu, lakini alipoipanga meza aliipanga kwenye ubao uleule, na redio zilikuwa nane. Mama akarudi kuwa mtu wa kutazama ukuta. Binti, ingawa alifukuzwa, aliendelea kwenda, na Jumatano zote alimkuta macho mekundu, amejibana pembeni mwa kitanda.

"Zima, Kaka. Wiki moja tu, tujaribu."

"Kilichokwisha ni dawa," kaka akasema. "Na aliyeimaliza ni wewe. Umempokonya mama akili yake, sasa unataka kunipokonya na riziki."

Aliona kwamba kuzizima redio kungekuwa kukubali kosa, na kaka yake hakuwa na nguvu za kukubali. Basi akaja siku ya Alhamisi, siku isiyo yake, akiwa na mwenye gari la mizigo. Kaka alisimama mlangoni, akatanua mikono, akasema watapita juu ya maiti yake. Walirushiana maneno ambayo ndugu hurushiana mara moja katika maisha, ya marehemu baba, ya ndoa iliyovunjika, ya nani alipendwa. Majirani walitoka nje kutazama. Mwishowe mama mwenyewe, ambaye hakuna aliyemuuliza, alitoka chumbani na mkoba wake wa nguo umeshikwa kichwa chini, akapita chini ya mkono wa mwanawe, akaenda kupanda gari. Pengine alidhani anakwenda kazini. Kaka akashusha mikono.

Kwenye vile vyumba viwili mama alilala siku tatu mfululizo, anaamshwa kula tu. Hapakuwa na muujiza. Kuna asubuhi alijua yuko kwa nani, na kuna asubuhi aliomba arudishwe kwao, kwa wazazi wake waliokufa zamani. Lakini alilala, na akilala alikuwa na hamu ya chakula, na siku moja alimrekebisha binti yake jinsi ya kupinda pindo la gauni, kwa ukali, mpaka akafumua yote akaanza upya.

Jumapili kaka alikuja. Hakusalimia. Alisimama mlangoni ameshika mfuko wa machungwa, akatangaza kuelekea kitandani, "Mama, mwambie mwanao nimeleta machungwa."

"Mama, mwambie Kaka viti having'ati, akae."

"Mwambie sikufuata viti."

"Mwambie basi aweke machungwa mezani, mikono isije ikamchoka."

Mama aligeuza kichwa huku, akageuza huku, akaudhika. "Ninyi wawili hamna midomo? Kwani mimi ni posta?"

 Kaka aliweka mfuko mezani, akakaa pembeni mwa kitanda akimpa dada yake mgongo, akamshika mama mkono kwa muda wa saa nzima, akimwongelesha habari za watu wa zamani. Kisha akaondoka bila kuaga. Jumapili iliyofuata akaja tena, na hakusalimia.